Propela Iliyosemwa Kuwa ya Finch Hatton: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Nairobi

Usuli

Kisa hiki kinahusu propela ya mbao yenye mapanga mawili, iliyokaa katika nyumba ya familia moja ya Nairobi kwa zaidi ya nusu karne. Majina, mtaa na chochote kinachoweza kuitambulisha familia nimeviondoa. Namba zilizogongwa kwenye mbao nazo sitazitaja, kwa sababu wapo wanaouza propela bandia za mapambo, na namba halisi ikishatangazwa haichukui muda kugongwa kwenye kitu kingine. Wahusika nitawaita kwa nafasi zao: Binti, ambaye ndiye aliyerithi, Kaka Mkubwa, anayeishi mashambani, Shemeji, Seremala, na Mzee Fundi, mtaalamu mstaafu wa ndege ndogo aliyefanya kazi maisha yake yote katika uwanja wa Wilson.

Marehemu baba wa familia naye alifanya kazi huko huko. Alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama spana boi, enzi uwanja ukiitwa Nairobi West. Jina la Wilson ulipewa mwaka 1962, kwa kumkumbuka Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Propela aliileta nyumbani watoto wakiwa wadogo. Kwenye kitovu alifunga saa ya ukutani iliyozungukwa na duara la plaiwudi, kisha akaisimamisha pembeni mwa sebule, panga moja juu na jingine chini. Watoto walikua wakiijua kama saa ya baba.

Baada ya mazishi, mali ilipogawanywa, ndipo kitu kile kilipata historia mpya. Katika kundi la WhatsApp la familia, Shemeji aliandika kuwa ni propela ya ndege ya Denys Finch Hatton. Picha ikasambaa, na mnunuzi akajitokeza na bei ya kuridhisha kwa sharti moja: apewe barua ya mtu anayejua mambo hayo, yenye saini, ikithibitisha asili yake.

Kwa asiyemjua, Finch Hatton alikuwa mwindaji na rubani Mwingereza. Ndege yake aina ya Gipsy Moth ilianguka Voi tarehe 14 Mei 1931, muda mfupi baada ya kupaa, ikashika moto. Alikufa pamoja na msaidizi wake, Kamau. Kaburi lake liko katika vilima vya Ngong, na watalii hulipandia hadi leo. Kwa hiyo jina lile lina soko Nairobi, na kipande chochote cha mbao kikihusishwa nalo hupanda bei bila hata kupanguswa vumbi.

Kilichotokea kabla ya uchunguzi

Binti aliipeleka propela kwa Seremala, fundi wa samani kando ya barabara ya Ngong, ing'arishwe kabla mnunuzi hajaja kuiona. Maagizo yalikuwa ya kawaida: piga msasa, paka vanishi. Seremala akaanza na ubavu mmoja wa kitovu. Alipofika katikati akaona herufi zinapotea chini ya msasa. Akasimama, akampigia Binti simu, kisha akanipigia mimi kwa kuwa alijua ninashughulika na vitu vya zamani.

Hapa nampa Seremala sifa zake. Mafundi wengi wangemaliza kazi waliyolipwa na kunyamaza, na kisa hiki kingeishia hapo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kila kitu. Hakuna msasa, thina wala kitambaa cha maji. Hilo la maji ndilo ambalo watu hawalitarajii. Herufi za kwenye propela za zamani hugongwa kwa mihuri ya chuma, na pigo hilo hubana nyuzi za mbao hadi chini ya uso. Hata uso ukikwanguliwa, nyuzi zilizobanwa hubaki na hivyo kivuli cha herufi huonekana. Lakini kila seremala anajua kwamba mbao iliyobonyea, ukiilowesha na kuipasha moto, huvimba na kurudi mahali pake. Kitambaa kibichi ambacho fundi hupitisha ili aone urembo wa mbao kabla ya vanishi kingeweza kufuta mabaki yale kabisa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuhusu barua. Binti aliambiwa mapema kwamba barua yoyote itakayoandikwa itasema kile mbao itakachosema, na kwamba huenda bei ile ikapotea. Alikubali, ingawa si kwa furaha. Kama jambo hili lingeachwa hadi mwisho, kila dalili iliyofuata ingesomwa kwa jicho la mnunuzi.

Kuuliza kabla ya kupima

Kabla ya kugusa chochote zaidi tulimpigia simu Kaka Mkubwa. Mpangilio huu ulikuwa wa makusudi. Ukishapata majibu ya kipimo halafu ukamuuliza mtu, sauti yako itamwelekeza, na mtu mzima mwenye adabu hapendi kumpinga mgeni. Kwa hiyo hakutajiwa Finch Hatton, wala vita, wala aina ya ndege. Binti alimuuliza tu, "Kaka, baba alikuwa akisema nini juu ya ile saa?"

Jibu lake lilikuwa fupi. "Alikuwa anasema ni ya ndege ya wanafunzi. Ilibadilishwa, hii ikawekwa kando, akaiomba."

Ni baada ya hapo tu alipoulizwa kuhusu Finch Hatton. Akacheka. Alisema hilo jina lilikuja na Shemeji baada ya ile sinema ya miaka ya 1980 kuhusu walowezi wa Karen, na kwamba baba mwenyewe hakuwahi kulitamka.

Maneno haya tuliyaandika na kuyaweka kando. Hayakuwa ushahidi wa kutosha, maana kumbukumbu ya mtoto juu ya maneno ya baba ina mianya yake. Lakini yalikuwa na sifa moja nzuri: hayakuwa na faida kwa yeyote. Hakuna anayepandisha bei ya kitu kwa kusema kilikuwa cha wanafunzi.

Kusoma kitovu

Propela ya kweli hubeba maelezo yake kitovuni. Waingereza waligonga namba ya mchoro, jina la injini na mara nyingi nguvu zake za farasi, aina ya ndege, herufi D kwa kipenyo na P kwa hatua (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), pamoja na mihuri midogo ya wakaguzi. Wajerumani wa enzi ya vita vya kwanza waliandika nguvu za injini kwa PS, kifupi chao cha nguvu za farasi, na Wafaransa waliita hatua "pas". Kwa hiyo hata vipande vya maneno vinaweza kukuambia kiwanda kilizungumza lugha gani.

Tulizima taa, tukashika tochi ya simu karibu kabisa na mbao, mwanga ukipita kimshazari juu ya uso badala ya kuuangukia moja kwa moja. Picha zilipigwa mwanga ukitokea pande tofauti, maana mstari usioonekana mwanga ukitoka kushoto huweza kujitokeza ukitoka juu. Kisha tukaweka karatasi nyembamba na kupitisha penseli laini juu yake. Hii ni njia ya kizamani, lakini ilitoa herufi mbili ambazo kamera ilizikosa.

Kwenye ubavu uliopigwa msasa yalipatikana mabaki haya: sehemu ya neno iliyosomeka "PSY MAJ", na chini yake "D.H. 8" ikifuatiwa na nafasi iliyokwanguliwa. Pembeni kulikuwa na alama ndogo ya duara ambayo bila shaka ilikuwa muhuri wa mkaguzi, lakini ndani yake hapakusomeka kitu.

Neno la kwanza halikuhitaji kubahatisha sana. Gipsy Major ni injini ya kampuni ya de Havilland ya Uingereza, yenye silinda nne zilizopinduliwa kichwa chini, na nguvu za farasi 130 katika toleo lake la mwanzo. Ilitoka mwaka 1932.

Hapo hapo hadithi ya Voi ikavunjika. Finch Hatton alikufa mwaka mmoja kabla injini hiyo haijatoka, na ndege yake ilitumia Gipsy ya awali. Mzee Fundi aliongeza jambo ambalo halikuhitaji tarehe yoyote. "Mama," alimwambia Binti, "ndege ikianguka injini ikiwa inazunguka, propela ya mbao hubaki vijiti. Hii yako ncha zote mbili ni nzima." Na ile ya Voi iliungua juu ya kuanguka. Hakuna mtu katika familia aliyewahi kujiuliza propela ingetokaje kwenye moto ule ikiwa na vanishi yake.

Watu wawili walioona picha mtandaoni walikuwa wamedai ni ya vita vya kwanza, kutoka kampeni ya Taveta na Mbuyuni. Wazo hilo si la ajabu. Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichoundwa na Waafrika Kusini, kilirusha ndege za BE2c kutoka Mbuyuni mwaka 1916. Lakini BE2c zilizotumia injini ya RAF 1a mara nyingi zilikuwa na propela ya mapanga manne. Na "PSY MAJ" inalifunga swali hilo vile vile.

Kupima

Iliyobaki ni ile D.H. 8 yenye nafasi tupu. De Havilland walikuwa na familia nzima ya ndege za namba za themanini: 80 Puss Moth, 82 Tiger Moth, 83 Fox Moth, 84 Dragon, 85 Leopard Moth, 87 Hornet Moth, 89 Dragon Rapide. Rapide iliondoka mara moja kwa kuwa ilitumia Gipsy Six. Puss Moth kwa kawaida ilikuja na Gipsy III, kwa hiyo uwezekano wake ulipungua ila haukuisha. Nyingine zote zingeweza kubeba Gipsy Major.

Tuliilaza propela juu ya meza ya Seremala, ambayo ilikuwa imenyooka kuliko meza yoyote ya nyumbani. Kipenyo, kutoka ncha hadi ncha, kilikuwa sentimita 195. Halafu tukaangalia inazungukia upande gani. Upande bapa wa panga humtazama rubani, na ule wenye mgongo hutazama mbele. Ukingo unaotangulia ni ule mnene, uliovishwa bati la shaba kuukinga na mawe na mvua. Ukisimama upande wa rubani na kufuata ukingo huo, propela hii ilizunguka kinyume cha mshale wa saa. Hivyo ndivyo Gipsy Major inavyozunguka. Injini za Kimarekani za Continental na Lycoming, zilizojaa Wilson miaka ya baadaye kwenye Piper na Cessna, huzunguka upande mwingine. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote na kinaondoa nusu ya makosa, na bado ndicho watu hukiruka.

Kisha tukapima hatua. Propela ikichukuliwa kama skrubu inayoingia kwenye mbao, hatua ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Hupimwa kwa kutafuta mwinamo wa panga kwenye robo tatu ya urefu kutoka katikati. Nusu kipenyo chetu ni sentimita 97.5, kwa hiyo tuliweka alama kwenye sentimita 73. Programu ya simu ya kupima mwinamo ilionyesha nyuzi 17. Mzingo wa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 73 ni karibu mita 4.59, ukizidisha kwa tanjenti ya nyuzi 17, ambayo ni 0.306, unapata mita 1.40.

Namba hiyo peke yake haina maana kwa mwenye nyumba, lakini igeuze kuwa mwendo. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, ambayo ni mwendo wa kawaida wa injini hii safarini, propela ya hatua ya mita 1.40 ingesonga mita 2,800 kwa dakika, yaani kilomita 168 kwa saa. Kwa kuwa hewa si mbao, propela huteleza, na ndege halisi hupata pungufu ya hapo. Leopard Moth husafiri kwa takriban kilomita 190 kwa saa na Dragon 175. Propela yetu ingezifanya zihangaike bure. Tiger Moth husafiri kwa takriban 145, na Fox Moth iko karibu na hapo.

Kipimo kilituelekeza kwa ndege za mwendo wa pole, nacho hakikuwa hukumu. Mbao iliyokaa miaka mingi hujipinda, na nyuzi moja ya kosa hubadilisha hatua kwa sentimita kadhaa. Tiger Moth zilitengenezwa zaidi ya 8,000 na Fox Moth hazikufika 200, kwa hiyo bahati nasibu iliipendelea ya kwanza kwa mbali. Lakini bahati nasibu haiwekwi kwenye barua.

Suala la saa

Mzee Fundi alikuwa na hakika kwamba namba ya mchoro iko chini ya duara la plaiwudi lililoshikilia saa. Binti hakutaka liguswe. Kwake yeye, saa ile ndiyo iliyokuwa kazi ya mikono ya baba. Propela ilikuwa ya mzungu fulani, saa ilikuwa ya baba.

Hoja hii ilistahili uzito wake. Kwa mkusanyaji wa vitu vya ndege, saa kwenye kitovu ni uharibifu. Kwa familia ya Mwafrika aliyepanda kutoka spana boi hadi fundi kamili, ni sehemu ya historia ya kitu hicho, na pengine ndiyo sehemu yake ya kipekee, kwa sababu propela za aina hii ziko nyingi duniani na saa hii ni moja. Tulikubaliana hivi: skrubu zitolewe kwa bisibisi ya mkono, kila moja irudi kwenye tundu lake, na saa irudishwe. Kama skrubu yoyote ingekataa, kazi ingesimama.

Hazikukataa. Chini ya plaiwudi mbao ilikuwa na rangi yake ya awali, mahogani nyekundu iliyokolea, na tabaka za mbao zilizogundishwa zikionekana wazi kama mistari. Kulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni alama ya duara iliyobonyea kuzunguka mashimo ya bolti, mahali sahani ya chuma ilipoibana propela kwenye injini, pamoja na doa la mafuta lililoingia ndani. Propela ya mapambo haina alama hiyo; hii ilikuwa imefungwa na ikafanya kazi. La pili ni namba ya mchoro, nzima, ikifuatiwa na D na P. Vipimo hivyo viliafikiana na vyetu, hatua ikitofautiana kwa sentimita chache.

Namba hiyo, pamoja na picha zenye rula pembeni, tuliituma kwa watu wanaotunza michoro ya de Havilland Uingereza. Jibu lao lilikuwa la mstari mmoja: mchoro wa propela ya Gipsy Major kwa D.H. 82, Tiger Moth.

Tiger Moth iliruka mara ya kwanza Oktoba 1931 na ikawa ndege kuu ya kufundishia marubani wa jeshi la anga la Uingereza kabla na wakati wa vita vya pili. Vita vilipoisha, nyingi ziliuzwa kwa klabu za urubani za kiraia katika nchi zilizokuwa chini ya himaya hiyo, na Afrika Mashariki haikukosa zake. Ndege ya wanafunzi, kama Kaka Mkubwa alivyosema.

Matokeo

Barua iliandikwa. Ilisema kwamba hii ni propela halisi ya mbao iliyotengenezwa Uingereza kwa injini ya Gipsy Major ya ndege ya Tiger Moth, kwamba iliwahi kufungwa kwenye injini, na kwamba kwa mujibu wa familia ilichukuliwa Wilson na fundi aliyefanya kazi huko. Mnunuzi aliisoma, akashukuru, akaondoka. Baadaye alirudi na bei ndogo, na Binti akakataa.

Kulikuwa na wasiwasi kuhusu sheria, maana mnunuzi alitaka kuitoa nchini. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ndugu wawili Wright, waliounda ndege ya kwanza yenye injini, walikuwa hawajapaa wakati huo, kwa hiyo propela yoyote iko nje ya mstari huo.

Mtu mwingine aliuliza kama inaweza kufungwa tena kwenye ndege. Mzee Fundi hakusubiri swali liishe. Propela isiyo na makaratasi, yenye gundi ya miongo mingi, iliyokaa imesimama miaka yote, hairudi hewani. Tulipoipitisha kwenye fimbo laini katikati ya kitovu, panga lililokuwa chini lilizama moja kwa moja. Propela ya mbao huhifadhiwa ikiwa imelala, ili unyevu usitelemkie upande mmoja, na hii ilikuwa imesimama sebuleni tangu ilipofika.

Sasa imetundikwa ukutani kwa mlalo, saa ikiwa mahali pake. Ubavu uliopigwa msasa umeachwa bila vanishi. Shemeji bado anawaambia wageni habari ya Voi.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi kilikuwa mpangilio wa hatua, kuliko hatua yoyote moja. Kumuuliza Kaka Mkubwa kabla ya vipimo kulifanya maneno yake kuwa shahidi anayejitegemea. Kama tungemuuliza baada ya jibu la Uingereza, tungekuwa na mzee anayekubaliana nasi, jambo lisilo na thamani yoyote. Katika familia nyingi hadithi mbili huishi pamoja, ya zamani iliyo kavu na mpya iliyo tamu, na ile kavu husemwa mara chache kwa sababu haimfurahishi mgeni. Inabidi kuitafuta kwa swali lisilo na jibu ndani yake.

Kuondoa yasiyowezekana kulikwenda haraka kuliko kutafuta yanayowezekana. Idadi ya mapanga, upande wa kuzunguka na mwaka wa injini viliondoa karibu madai yote yaliyokuwa mezani kabla hatujatuma barua hata moja ng'ambo. Mtu aliye mbali na maktaba anaweza kufanya hayo yote kwa simu na rula.

Hesabu ya hatua ilikuwa na faida ya pili ambayo haikutarajiwa. D na P zilipopatikana chini ya saa, tulikuwa tayari na vipimo vyetu vya kulinganisha. Namba zilizogongwa zinaweza kughushiwa, lakini ni vigumu kughushi mbao nzima ifuate namba hizo.

Makubaliano juu ya saa nayo yalifanya kazi, na nadhani yalifanya kazi kwa sababu hayakuwa ujanja wa kumshawishi Binti. Skrubu moja ingekataa, tungebaki na jibu la "Tiger Moth au Fox Moth", na barua ingesema hivyo.

Upande wa kilichoshindikana, picha za mwanzo zilizosambazwa na familia ziliharibu zaidi ya zilivyosaidia. Zilipigwa kwa mbali, propela ikiwa imesimama kwenye kona, bila kipimo chochote pembeni na bila kitovu kuonekana. Kila aliyeziona aliona alichotaka: mmoja vita vya kwanza, mwingine Finch Hatton. Picha tatu zingetosha, moja ya kila ubavu wa kitovu na moja ya ukingo wa mbele, zote zikiwa na rula.

Swali la ndege ipi hasa halikujibiwa, na kwa ushahidi uliopo halijibiki. Namba ya mchoro ni ya maelfu ya propela zinazofanana. Propela hubadilishwa kutoka ndege moja hadi nyingine kama gurudumu, na kinachoiunganisha na ndege moja ni daftari la matengenezo lenye namba ya propela yenyewe. Binti alitamani sana namba ya usajili ya kuandika kwenye kibao chini ya saa. Tulimshauri aandike alichonacho: aina ya ndege, injini, na jina la baba yake.

Hasara isiyorekebishika ni ule muhuri wa mkaguzi. Alama za namna hiyo wakati mwingine hubeba tarehe au namba ya mkaguzi, na ungeweza kutuambia kama propela ilitengenezwa kabla ya vita, wakati wa vita, au baadaye. Sasa tunajua tu kwamba si ya kabla ya 1932. Msasa uliupitia kwa muda mfupi kabla Seremala hajasimama, na karatasi ya penseli ilitoa duara tupu.